Daftari la Vyombo vya Moto: Mwongozo kwa Mwenye Kukadiria Moshi wa Barabarani

Mtu aliyepewa kazi ya kukadiria gesijoto zitokazo barabarani katika kata yake, ikiwa kata hiyo ni Nyambureti mkoani Mara au nyingine yoyote ya nchi ile ya Tarime na Mugumu, aghalabu huanza kwa kuandika barua mjini kuomba orodha ya magari. Orodha huja baada ya muda, nayo huwa ndefu na nadhifu, ina namba, aina na tarehe. Kasoro yake ni kwamba yaeleza magari yaliyopata kusajiliwa, ilhali mkadiriaji atakacho kujua ni mafuta yaliyochomwa. Mwongozo huu, uliokusudiwa afisa mazingira wa wilaya, mtendaji wa kata, mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa chuo arudiye nyumbani kwa utafiti, washauri kuanzia upande wa pili: mafuta kwanza, kisha vyombo viulizwe yalikokwenda.

Sababu yake ni ya kemia, wala haina ubishi. Kaboni iliyomo ndani ya lita ya petroli haipotei. Ikichomwa hutoka karibu yote kwa sura ya hewa ukaa, iwe imechomwa ndani ya Boxer mpya au ndani ya Noah iliyokwisha kuchoka. Miongozo ya mwaka 2006 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ambayo mataifa huitumia katika kuandaa hesabu zao, yakadiria kilo 69,300 za hewa ukaa kwa kila terajuli ya petroli, na kilo 74,100 kwa kila terajuli ya dizeli. Ukichukua uzito wa petroli kuwa gramu 740 kwa lita na wa dizeli gramu 840, na nishati ya megajuli 44.3 kwa kilo ya petroli na 43.0 kwa kilo ya dizeli, utapata namba mbili ambazo yafaa uziandike kwenye jalada la daftari lako: lita 1 ya petroli hutoa kilo 2.27 za hewa ukaa, na lita 1 ya dizeli hutoa kilo 2.68. Wengi hushangaa kusikia kwamba moshi unayazidi uzito mafuta yaliyouzaa. Ni kwa kuwa kila atomu ya kaboni hujitwalia atomu mbili za oksijeni kutoka hewani.

Yamkini utauliza: ikiwa mafuta ndiyo hakimu, basi vyombo vina haja gani? Jibu ni kwamba hakimu huyu aijua nchi nzima vyema kuliko aijuavyo kata. Kwa taifa, mafuta huingia kwa meli chini ya utaratibu wa ununuzi wa pamoja, hupimwa na kutozwa ushuru, na hesabu yake haina mashaka makubwa. Lakini hesabu hiyo haishuki hadi Nyambureti, ambako petroli moja hununuliwa sheli ya Mugumu, nyingine Tarime, na nyingine huuzwa kwa chupa juu ya kimeza kando ya njia. Tena hata kama ungeijua jumla ya lita, isingekuambia ni nani aliyezichoma, wala nini kifanyike ili zipungue, na Tanzania iliyoahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto zake kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ukilinganisha na zingavyokuwa bila juhudi yoyote, haiwezi kuitimiza ahadi hiyo kwa kujua jumla peke yake. Vyombo ndivyo mashahidi. Kazi yako ni kuwasikiliza mmoja mmoja, kisha kuona kama ushahidi wao wakubaliana na hukumu ya mafuta.

Kabla ya kuhesabu, weka mipaka, kwa maana hesabu nyingi huharibika hapa. Usafiri wa barabarani ni chombo kiendacho barabarani na kubeba watu au mizigo. Trekta lilimalo shambani, mashine ya kusaga, jenereta ya dukani na msumeno wa moto vyote vyanywa mafuta yaleyale, lakini katika miongozo ile ya Jopo vina mafungu yao. Ukivichanganya na bodaboda, mwenzako wa fungu la kilimo au la nishati atavihesabu tena. Kadhalika yale malori makubwa mno yazungukayo ndani ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, upande wa Nyamongo, hayatembei barabara ya umma, na dizeli yake haikuhusu. Trekta likivuta tela la mahindi kwenda mnadani, hapo limekuwa chombo cha barabarani kwa siku ile. Liandike, lakini kwa safari hiyo tu.

Mpaka wa pili ni wa mahali. Mkoa huu una Sirari upande wa kaskazini, ambako magari yenye vibao vya Kenya huingia na ya kwetu hutoka, na una Mbuga ya Serengeti upande wa kusini, ambako Land Cruiser za watalii zilizosajiliwa Arusha hupita zikiwa zimejaza mafuta huko zilikotoka. Kwa taifa, kanuni ya miongozo ni nyepesi: mafuta huhesabiwa katika nchi yalikouzwa, hata kama yamechomwa ng'ambo ya mpaka. Kwa kata, kanuni hiyo haikufai, maana ungeitwisha Mugumu moshi wote kwa kuwa sheli ziko huko. Mimi nashauri utumie kanuni ya malazi: chombo kilalacho katani kihesabiwe chote, popote kiendapo, chombo kipitacho kiandikwe katika ukurasa wake mbali, kisijumlishwe. Mwenye kata ya pili akifuata kanuni hiyohiyo, hapatakuwa na chombo kilichohesabiwa mara mbili, wala kilichosahauliwa.

Sasa tuje kwenye madaftari ya serikali, ambayo sikukusudia kuyadharau, bali kukuonya namna ya kuyasoma. Daftari kubwa ni la Mamlaka ya Mapato, TRA, ambayo ndiyo itoayo kadi ya gari na ya pikipiki. Katika daftari hilo kila chombo kina aina ya mafuta, ukubwa wa injini na mwaka wa kuundwa, mambo matatu ambayo ni ghali sana kuyapata kwa njia nyingine. Lakini mwaka wa fedha wa 2017/18 serikali ilifuta ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa mwenye gari ilikuwa faraja, hasa kwa yule aliyekuwa akidaiwa ada ya gari lililooza uani. Kwa mkadiriaji, alama iliyokuwa ikimwonyesha gari lililo hai iliondoka, na leo gari lililokwisha kuchinjwa na kuuzwa vipuli gereji laweza kudumu daftarini kama kwamba lingali likitembea. Fauka ya hayo, kadi hutaja mahali alipo mwenye mali, na gari lililouzwa mara mbili bila kubadilishwa jina laweza kuandikwa la Mwanza ilhali hulala Nyambureti usiku kucha.

Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoshika mahali pa SUMATRA mwaka 2019, ina orodha ya vyombo vya biashara vyenye leseni. Orodha hiyo ni fupi kuliko ya TRA, lakini i hai zaidi, maana leseni huisha muda na kuhuishwa. Bima nayo ni ushahidi mzuri, kwani ni ya lazima kisheria na huisha kwa mwaka. Vibao vyenyewe vyasema: cha manjano ni cha mtu binafsi, cheupe ni cha biashara, MC ni pikipiki na bajaji, SM ni serikali za mitaa, DFP ni miradi ya wafadhili. Herufi tatu za mwisho hufuatana kwa mpango, kwa hiyo zakuonyesha takriban zama ambazo chombo kiliandikishwa nchini. Usizidhanie kuwa umri wake: magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na wakati Kenya yakataza kuingiza gari lililopita miaka 8, kwetu umri hauzuii, ila huongeza ushuru.

Ukiisha kuyachukua madaftari hayo yote, yafunge, utoke.

Barabarani ndiko kwenye mali. Tafuta kwanza mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mweleze kazi yako mbele ya mtendaji wa kijiji, na useme wazi, tena mara mbili, kwamba hukutoka TRA wala polisi. Kwani dereva akikuona na kalamu hudhani ni kodi, na akidhani ni kodi atakupa majibu yasiyo na faida. Yuko pia dereva wa mkataba, ambaye kila jioni hupeleka hesabu kwa bosi, na ambaye hapendi bosi ajue amekwenda safari ngapi. Huyo umuulize faraghani. Usiandike jina la mtu. Namba ya chombo yatosha, nayo baada ya kazi uigeuze kuwa namba ya mfululizo, kwa sababu daftari lenye majina na mapato ya watu ni hatari likianguka mikononi mwa asiyestahiki.

Usimuulize dereva kilomita. Pikipiki nyingi za kijijini saa yake ya kilomita imekufa tangu zamani, na mwenye nayo hana kumbukumbu ya umbali. Ana kumbukumbu ya fedha. Swali lifaalo ni hili, nalo uliulize kwa lugha ya kijiweni: “Mura, jana uliweka mafuta ya shilingi ngapi? Na juzi? Na siku ya mnada?” Atakujibu papo hapo, maana fedha hiyo ilimuuma. Kisha geuza shilingi kuwa lita kwa bei ya siku hiyo. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli na dizeli kwa miji mbalimbali, na tangazo hilo ulibandike ndani ya daftari, mwezi kwa mwezi, kwa kuwa shilingi 5,000 za mwezi huu si lita zilezile za mwezi uliopita.

Lakini bei ya EWURA ni ya sheli. Mwenye kununua kwa chupa hulipa zaidi, na chupa yenyewe yataka kupimwa. Nenda kwenye kimeza na kopo lako lenye alama za mililita, nunua chupa iitwayo “lita”, imimine mbele ya muuzaji kwa adabu, umwambie kwamba hukuja kumshitaki. Pengine utakuta kipimo kimepungua, pengine chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa mililita 1,500 imejazwa hadi shingoni na kuuzwa kwa jina la lita moja na nusu. Pima chupa za wauzaji kadhaa, uchukue wastani, na wastani huo ndio utakaotumia kwa kila dereva aliyesema hununua njiani. Jambo dogo hili, lililo nje ya vitabu vyote vya kigeni vya taaluma hii, laweza kubadili jumla yako kuliko tofauti yoyote ya miundo ya injini.

Kwa magari, mwombe dereva afungue boneti. Hapo utakuta kibati kidogo chenye alama ya muundo, na kwa magari ya Toyota, ambayo ndiyo mengi, herufi za mwanzo za alama hiyo hutokana na jina la injini. Hiace yenye LH ina injini ya jamii ya L, ambayo ni dizeli. KZH na KDH pia ni dizeli. RZH na TRH ni petroli. Probox ya NCP ni petroli, Noah ya SR ni petroli, na ile Land Cruiser ndefu ya watalii yenye HZJ ni dizeli ya lita 4.2. Ukiijua sanaa hii hutategemea kumbukumbu ya mtu, na utawatenganisha mapacha wawili wa Hiace ambao kwa nje hawatofautiani, mmoja akinywa petroli na wa pili dizeli. Mafungu yatoshayo kwa kata ni machache: bodaboda, bajaji na guta, michomoko, yaani Probox na wenzake wanaobeba abiria, Noah na Hiace, Canter, Fuso na malori makubwa zaidi, mabasi, na magari ya serikali, shule, misheni na zahanati. Baiskeli na mkokoteni wa maksai uvihesabu pia, ijapokuwa havina moshi, kwani vyaonyesha mizigo ambayo kesho yaweza kuhamia kwenye injini.

Hesabu yako isiwe ya siku moja. Siku ya mnada si siku ya kawaida, na mwezi wa mavuno si mwezi wa masika, wakati tope hulifanya Fuso linywe mafuta zaidi kwa umbali uleule, au lisije kabisa. Kaa njiani angalau siku ya kawaida, siku ya mnada na siku ya ibada, katika kiangazi na katika mvua, na kila siku uipe uzito wa idadi yake ndani ya mwaka.

Natoa sasa mfano wa hesabu, na namba zake ni za kubuni, zichukuliwe kuwa kielelezo tu. Tuseme katani hulala bodaboda 120, na kila siku 90 kati yake hutoka kazini. Kila moja huchoma lita 3, na siku za kazi ni 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 81,000 za petroli, ambazo ukizizidisha kwa 2.27 wapata takriban tani 184 za hewa ukaa. Tuseme tena michomoko ni 10, kila mmoja lita 12 kwa siku, siku 300: lita 36,000, tani 82. Na tuseme Fuso ni 6 tu, kila moja lita 40 za dizeli kwa siku 200: lita 48,000, na kwa 2.68 ni tani 129. Jumla yakaribia tani 394. Tazama jinsi malori sita, ambayo mpita njia asingeyatia maanani, yanavyokaribia theluthi moja ya jumla yote, ilhali lawama za moshi kijijini huwaangukia vijana wa bodaboda kwa wingi wao na makelele yao.

Hewa ukaa si gesi pekee. Iko methani, na iko oksidi ya nitrasi, ambazo miongozo huzikadiria, kwa injini ya petroli isiyo na kichujio cha moshi, kuwa kilo 33 na kilo 3.2 kwa terajuli. Kwa zile bodaboda zetu za mfano, ukizigeuza ziwe sawa na hewa ukaa kwa uzito wa 28 na 265, zaongeza tani zisizofika 5 juu ya tani 184. Kwa hiyo usikeshe ukizitafuta ilhali bado hujaipima chupa.

Ama ukitaka kujua sumu ziingiazo vifuani mwa watu, yaani kaboni monoksaidi, oksidi za nitrojeni na chembechembe za masizi, hapo mafuta hayatoshi, na umri na ufundi wa injini hushika usukani. Ulaya wana viwango vyao, kama vile Euro 1 ya mwaka 1992 na Euro 6 ya mwaka 2014, na programu ya COPERT hupanga vyombo kwa viwango hivyo na kwa mwendo wake. Yaweza kutumika hapa, kwa hadhari mbili. Ya kwanza, gari lililoundwa likiwa na masega, yaani kile kichujio cha moshi, ndani ya ekzosi huenda hayamo tena. Masega yana madini ya thamani, hung'olewa na kuuzwa, na gari hilo lihesabiwe kama lisilowahi kuwa nayo. Uliza gerejini, fundi atakwambia bila kuficha, hasa usipotaja namba ya gari. Ya pili, mwendo wa barabara ya vumbi yenye mashimo hauko katika meza za Ulaya, na vumbi litimuliwalo na magurudumu, ambalo kwa macho ndilo baya kuliko yote, ni hesabu nyingine kabisa isiyotoka kwenye ekzosi. Habari njema ni kwamba risasi haipo tena katika petroli ya nchi za Afrika kusini ya Sahara tangu mwaka 2006, na kwamba kiberiti katika dizeli ya Afrika Mashariki kilipangiwa kisizidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Mambo hayo mawili yamekupunguzia kurasa kadhaa.

Mwisho, walete mashahidi mbele ya hakimu. Waombe wenye sheli unaowafikia wakueleze lita wauzazo kwa mwezi, na wauza chupa vidumu wanunuavyo kwa wiki. Jumlisha, toa sehemu ya mashine na matrekta, ulinganishe na jumla iliyotoka vijiweni. Zikitofautiana kwa sehemu moja ya kumi, shukuru na uendelee. Zikitofautiana kwa theluthi, usizipatanishe kwa kuzigawa katikati, kwani wastani wa kosa na kweli si kweli. Rudi utafute palipopotoka: siku za kazi zilizokadiriwa kwa ukarimu, Fuso lililohesabiwa hapa na kata jirani, au mafuta yaliyovuka mpaka kwa pikipiki usiku, ambayo hayako kwenye kitabu cha sheli yoyote. Na katika taarifa yako andika namba pamoja na shaka yake, useme “kati ya tani kadha na kadha”; namba moja yenye nukta nyingi baada yake humdanganya msomaji kuwa umepima, ilhali umekadiria.

Daftari lenyewe, pamoja na bei za EWURA zilizobandikwa ndani, vipimo vya chupa, tarehe za kukaa njiani na kanuni ya malazi uliyoifuata, liache nakala yake katika ofisi ya kata na ya pili kwa afisa mazingira wa wilaya, ili atakayekuja mwaka ujao ahesabu kwa njia ileile, kwenye vijiwe vilevile, katika miezi ileile.